Peke Yako na Farasi

Mwalimu akiwa uwanjani hufanya kazi tatu ambazo mwanafunzi hazioni: anatazama, anaamua, na anasimamisha. Yeye ndiye anayegundua kwamba mkanda wa tumboni umelegea. Yeye ndiye anayesema upepo wa leo ni mkali mno kwa farasi huyu. Yeye ndiye anayeita "basi, shuka" kabla mambo hayajaharibika. Mwanafunzi anabakiwa na kazi moja tu, kukaa juu ya tandiko na kufuata anachoambiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kujifunza mwaka mzima, akaenda mwendo wa matiti vizuri, akaenda shoti, hata akaruka vizuizi vidogo, na bado siku ya kwanza ya kutoka peke yake miguu ikamtetemeka asijue kwa nini. Kazi zote tatu zimemwangukia kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyewahi kumfundisha hata moja.

Vitabu vingi vya farasi hulijibu jambo hili kwa maneno ya kutia moyo: jiamini, usiogope, farasi atahisi. Mimi siamini kwamba mtu anaweza kujiamrisha kujiamini. Woga mwingi wa mpandaji aliye peke yake una chanzo cha kweli. Kuna kitu hakukikagua, au kuna tukio ambalo hajui atalifanyaje likimkuta, na mwili wake umeshalijua hilo kabla ya akili kukiri. Kitu hicho kikikaguliwa, na tukio hilo likifanyiwa mazoezi, woga hupungua bila kufukuzwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sura hii inahusu mambo yanayofanywa mguu ukiwa bado chini.

Hilo la farasi kuhisi, hata hivyo, ni kweli tupu. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Linda Keeling walichapisha jaribio ambalo kila mpandaji angefaa kulijua. Watu walimwongoza farasi kwa kamba, au walimpanda, wakipita njia ileile fupi mara kadhaa huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya mara ya mwisho mtu aliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi atakapokuwa anapita. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini moyo wa mtu ulienda mbio, na wa farasi ukaenda mbio pia, ingawa farasi hakuambiwa neno na mbele yake hapakuwa na kitu cha kumtisha.

Miaka mia moja kabla ya hapo, Berlin ilikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mali ya Wilhelm von Osten, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Oskar Pfungst alipomchunguza aligundua, na kuchapisha mwaka 1907, kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa anawasoma waulizaji. Kichwa cha muulizaji kiliinuka kidogo, kidogo sana, kwato zilipofikia jibu, na hapo Hans aliacha kugonga. Wenyewe hawakujua kwamba wanatoa ishara. Kinachonigusa mimi katika kisa hiki ni kwamba hata Pfungst, baada ya kuifumbua siri, alipata taabu kuizuia ishara ileile mwilini mwake.

Mwili wenye woga basi hauwezi kufichwa, ila unaweza kueleweka. Mtu akiogopa juu ya farasi magoti hubana, kifua huinamia mbele, mikono huvuta hatamu, pumzi hukatika. Sasa yasome hayo kwa lugha ya farasi: miguu inayobana na uzito uliokwenda mbele humwambia nenda, na hatamu zilizovutwa humwambia simama. Amepewa amri mbili zinazopingana na mtu ambaye moyo wake unadunda, na yeye ni mnyama ambaye mababu zake waliponea kwa kukimbia. Akianza kuchezacheza miguu na kurusha kichwa, si mkorofi, ameshindwa kuelewa.

Dawa ya kwanza iko katika pumzi ya kutoka. Kuvuta pumzi ndefu peke yake humkaza mtu zaidi. Kuitoa yote, polepole, mpaka mabega yashuke na makalio yazame kwenye tandiko, ndiko kunakomfikia farasi. Wako wanaohesabu, wako wanaoongea na farasi. Mimi napendelea kuimba, wimbo wowote, kwa sababu huwezi kuimba huku umezuia pumzi.

Turudi chini. Mtazame saisi mzoefu, awe wa Karen, wa Naivasha au wa Usa River, utaona kwamba hamtandiki farasi leo hivi na kesho vile. Mikono yake ina njia yake. Huo mpangilio usiobadilika ni hazina, na mtu anayetaka kupanda peke yake auige. Kwanza, unakuonyesha kilichobadilika: ukipitisha kiganja njia ileile kila siku, siku mguu ukiwa na joto utaligundua bila kulitafuta. Pili, akili yenye wasiwasi husahau, lakini mikono iliyozoea husahau kwa nadra. Marubani wanalijua hili. Huizunguka ndege kwa mpangilio mmoja kabla ya kila safari. Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika shamba la farasi la baba yake na kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado kijana, ndiye huyohuyo aliyeivuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Sioni ajabu kwamba mtu mmoja aliziweza kazi zote mbili.

Simama begani upande wa kushoto, mahali ambapo farasi anakuona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, lakini nyuma kabisa ya mkia na mbele kidogo tu ya paji la uso hana macho. Pitisha kiganja shingoni, mgongoni na tumboni, kisha ushuke nacho mguu mmoja mmoja hadi kwatoni. Unatafuta joto, uvimbe, au mahali anapojikunja ukimgusa. Inua kwato, chokoa udongo kwa chokoo ya chuma kuanzia kisiginoni kwenda mbele, uangalie kokoto iliyojibana na msumari wa kiatu ulioanza kuchomoza. Farasi akipumzisha mguu mmoja wa nyuma, hiyo ni kawaida yake. Akisogeza mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia, siku hiyo hapandwi.

Kisha tandiko. Kitambaa kinachokaa chini yake kigeuze, upitishe vidole sehemu yote. Mwiba mmoja wa mgunga ulionasa kwenye sufu, mdogo kiasi cha kutoonekana, utatulia humo mpaka uzito wako uukandamize mgongoni, na farasi atakayerusha mateke wakati huo hana kosa lolote. Weka kitambaa mbele kidogo ya mahali pake, halafu ukivute nyuma ili manyoya yalale. Weka tandiko bila kulitupa. Funga mkanda wa tumboni kwa utaratibu, tundu moja moja, kwa sababu farasi wengi hukaza misuli na kujaza kifua wanapofungwa. Mtembeze hatua ishirini, kisha uangalie tena: mkanda uliokuwa umekaza barabara sasa unaingiza kiganja kizima. Ukaze. Vuta mbele mguu wa mbele, mmoja baada ya mwingine, ili ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda inyooke. Ukishapanda na kwenda mwendo wa dakika kumi, mkanda ukaguliwe mara ya tatu. Tandiko linalozunguka hadi chini ya tumbo la farasi limewaangusha watu wengi, na karibu kila mara lilikuwa na mkanda ambao mtu aliukaza mara moja akaridhika.

Hatamu na lijamu zitazame palipo na mikunjo na mishono, maana ngozi hukatika hapo. Na vikuku vya miguu viwe vipana kuliko buti kwa kiasi cha kidole kimoja na nusu hivi, buti nalo liwe na kisigino na soli isiyo na meno marefu. Kuanguka ni hatari, lakini kuanguka huku mguu mmoja umenasa kwenye kikuku ni hatari ya namna nyingine kabisa. Raba za mazoezi hupenya na kunasa. Buti za mpira za shambani pia sizipendi.

Kofia ngumu sitaijadili kana kwamba ni hiari. Machi 2010 Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2008, alikuwa Florida akimfanyisha farasi mazoezi bila kofia. Farasi hakushtuka wala hakurusha teke. Alijikwaa kwa miguu yake mwenyewe wakaanguka pamoja. Mpandaji huyo bingwa alivunjika fuvu akakaa wiki kadhaa bila fahamu. Tangu 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, linalazimisha kofia ngumu hata katika dresaji, mchezo ambao wapandaji wake wa ngazi ya juu kwa miongo mingi walivaa kofia ndefu za heshima. Kofia ya bodaboda haifai badala yake: ni nzito, inaziba masikio na macho ya pembeni, na ilitengenezwa kwa ajali ya aina nyingine. Kofia ya farasi iliyowahi kugonga ardhi kichwa kikiwa ndani haitumiki tena, hata kama nje haina mkwaruzo.

Jambo moja linalosahaulika kuliko yote linahusu watu. Kupanda peke yako hakumaanishi kutoka bila mtu kujua. Mwambie mtu mmoja, anayeweza kufanya kitu, unapita njia ipi na utarudi saa ngapi, na mpatane kabisa atafanya nini ukichelewa nusu saa. Mpatane pia farasi akirudi bandani bila mtu. Simu ikae mwilini mwako, katika mfuko wenye zipu. Wako wanaoitia katika mkoba wa tandiko, wakisahau kwamba siku watakayoihitaji, farasi atakuwa ameondoka nayo. Kwenye tandiko andika namba ya simu ya bandani, ili atakayemkamata farasi njiani ajue pa kupiga.

Sasa njia. Xenophon, askari wa farasi wa Athens aliyeandika kitabu cha upandaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri farasi mchanga apitishwe katika makundi ya watu na kuzoezwa kila aina ya sura na kelele, na akiogopa aelekezwe kwa upole bila ukali. Ushauri huo haujazeeka. Njia unayotaka kuipita peke yako, ipite kwanza kwa miguu bila farasi. Utaona mashimo ya mhanga, waya uliolala kwenye nyasi, mbwa wa boma la tatu, daraja la mbao lenye ubao uliooza, na kona ambayo bodaboda hujitokeza bila kupiga honi. Kisha ipite ukimwongoza farasi kwa kamba. Baada ya hapo ndipo uipande. Farasi haioni njia kama unavyoiona wewe. Macho yake huchelewa kuzoea giza akitoka juani na kuingia chini ya miti, kwa hiyo mpe nafasi ya kusimama hapo kabla ya kumsukuma. Gogo alilolipita kwa utulivu wakati wa kwenda linaweza kumshtua wakati wa kurudi, kwa kuwa sasa analiona kwa upande mwingine.

Katika nchi yetu vitisho vya njiani vina sura zao. Kanga wanaopaa kwa pamoja kutoka kwenye nyasi, ngiri anayechomoka shimoni, mtoto anayekimbia nyuma yenu akishangilia, turubai linalopigapiga juu ya lori. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 kitisho kimoja kikubwa kimepungua vichakani, na kwa hilo nashukuru kwa moyo wote. Palipo na nyati au tembo usiende peke yako kabisa, hata uwe stadi namna gani. Hapo panataka kiongozi anayewajua wanyama wa pori na farasi aliyezoezwa kwa kazi hiyo.

Ngazi za kufikia kupanda peke yako zisirukwe. Mwombe mwalimu aje uwanjani akae kimya, asiseme lolote isipokuwa kuna hatari. Utashangaa jinsi ukimya wake unavyokulazimisha kutazama mwenyewe. Baadaye akae mbali, penye uzio. Baadaye panda uwanjani yeye akiwa bandani na kazi zake. Ndipo utoke nje, njia fupi uliyokwisha kuipita kwa miguu, kwa mwendo wa kutembea tu, na urudi ungali na hamu ya kuendelea. Watu wengi huharibu hapa: safari ya kwanza imekwenda vizuri, basi ya pili wanaongeza umbali, mwendo kasi na njia mpya kwa pamoja. Ongeza kimoja tu. Na kuelekea nyumbani tembea, sikuzote tembea. Farasi aliyezoea kukimbizwa kurudi bandani hujifunza kwamba nyumbani ni mahali pa kukimbilia, na siku moja atakimbia bila kukuuliza.

Mambo mawili yafanyiwe mazoezi mpaka mwili uyafanye bila kufikiri. La kwanza ni kushuka kwa dharura. Farasi akiwa amesimama, na mtu amemshika, toa miguu yote miwili kwenye vikuku kwanza, inamia mbele, weka mikono shingoni, rusha mguu nyuma juu ya kiuno chake, utue kando ya bega lake magoti yakiwa yamekunjika na uso ukitazama mbele. Rudia mpaka uchoke, kisha ufanye akitembea. Mtu anayejua kwamba anaweza kushuka wakati wowote hukaa juu kwa namna nyingine. Mapaja yake hayagandi tena.

La pili ni kumsimamisha farasi aliyetimua mbio. Silika inatuambia tuvute hatamu zote mbili kwa nguvu zetu zote na kung'ang'ania. Farasi ana uzito wa kilo 400 hadi 600. Ukivuta bila kuachia unampa kitu cha kuegemea, na kwa kuegemea hakuna atakayemshinda. Kaa wima, vuta na uachie, vuta na uachie. Ardhi ikiwa pana na tambarare, mwelekeze kwenye mduara mkubwa, uupunguze kidogo kidogo anavyopoteza kasi. Kumgeuza ghafla kwa hatamu moja akiwa katika shoti kunaweza kumwangusha pamoja nawe. Kumkunja shingo kwa hatamu moja kunafaa mapema, anapoanza tu kuharakisha, na lazima umfundishe uwanjani akiwa ametulia ndipo ulitegemee jambo hilo porini.

Halafu kuna uamuzi wa kutopanda, na huu ndio mgumu kuliko yote kwa mtu aliye peke yake, kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Farasi ambaye hajamaliza chakula, anayegeuka kulitazama tumbo lake, au aliyezubaa kona ya banda, anataka daktari wa mifugo. Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada: ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, hushamiri baada ya mvua na huanza kwa homa ambayo kwa macho yaonekana kama uvivu tu. Jifunze kumpima. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto lake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 au karibu na hapo. Na wewe mwenyewe jipime. Umelala? Una hasira? Umetoka kugombana na mtu? Xenophon alikataza kumkaribia farasi kwa hasira, na katika hilo sijaona sababu ya kumpinga. Siku kama hiyo mpige brashi, mtembeze kwa kamba, umrudishe. Hiyo pia ni siku ya kazi.

Ukiwa njiani ukaona mambo hayaendi, kushuka na kumwongoza kwa miguu ni uamuzi halali. Wapo wakongwe wanaosema ukishuka farasi amekushinda. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Farasi haweki hesabu ya ushindi. Anachokumbuka ni kama mahali pale paliisha kwa fujo au kwa utulivu. Pandisha vikuku juu ili visimgonge ubavuni, toa hatamu shingoni, tembea kando ya bega lake, na ukifika mahali palipotulia panda tena kama unataka.

Kuanguka kutakuja, maana kila apandaye huanguka. Ule usemi wa kwamba lazima urudi juu papo hapo umewaumiza watu. Kama kichwa kimegonga, au shingo inauma, au huikumbuki sekunde ya kuanguka, hupandi tena siku hiyo na hurudi nyumbani peke yako. Unapiga simu na kwenda hospitali, hata ukijisikia mzima, kwa kuwa msisimko wa ajali huficha maumivu kwa saa kadhaa. Ukiwa huna jeraha na farasi ametulia, dakika tano za kutembea uwanjani zinatosha. Safari ya kwanza baada ya hapo ianzie ngazi moja chini ya ile uliyoangukia. Kabla yake, msimulie mwalimu lililotokea kwa undani: farasi alikuwa anafanya nini, hatamu zilikuwa na urefu gani, macho yako yalikuwa yanatazama wapi. Mara nyingi jibu limo katika zile sekunde chache kabla hujapoteza tandiko, na mara nyingi ni macho: mpandaji alikuwa anatazama chini, kwenye shingo ya farasi.